Nafasi Uliyoiacha Kwenye Kadi Yangu

Kigwa, Jumapili baada ya chakula cha mchana

Na hilo nalo ulisema kweli, Babu, kwamba siku nikipata mume nitakuwa msemaji kuliko redio. Tangu asubuhi nazungumza na wewe. Nimezungumza nikipepeta mchele, nimezungumza nikifua, na nilipofika kwenye kufagia uwanja jirani akachungulia juu ya ua kuona naongea na nani. Nikaona nikae niandike. Maneno ya mdomoni yanapeperuka, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba neno likishapangwa, mwenyewe hawezi tena kulikana.

Shikamoo, mume wangu wa kwanza. Marahaba yako naisikia, ile ya kuivuta kama mtu anayefungua mlango mzito.

Nimeolewa, Babu. Leo ni siku ya kumi na tisa. Usinune. Najua ulisema atakayekunyang'anya mke wako mdogo sharti alete kibuyu cha asali ya nyuki wadogo, na kwamba usipokipata utasimama mlangoni na mkongojo siku ya harusi. Kibuyu kipo. Nitakueleza habari yake nikifika mwisho. Kwanza niache nikusimulie yote, hata yale uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu siku hizi nikisimulia ndipo nahisi nimeshiba.

Niliyeolewa naye ni Ali Masanja, bwana shamba wa hapa Kigwa, yule wa fomu. Babu, mtu huyu anaamka kabla yangu. Anafunga madebe mawili kwenye baiskeli, anakwenda kisimani, na nikifungua macho maji yako mlangoni. Wanawake wa hapa wamemtania mpaka wamechoka. Mmoja alimuuliza mbele ya watu, "Bwana shamba, umeoa au umeolewa?" Akamjibu, "Nimeajiriwa, shemeji, na bado niko kwenye majaribio." Nilikuwa ndani, nikauma kanga nisisikike nikicheka. Akitoka shambani anapiga mluzi tangu kwenye reli, ili nijue anakuja, na mimi kila siku nakimbilia kioo kama vile hajaniona asubuhi. Nyumba yetu ina vyumba viwili na dirisha moja. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikipita, vikombe vinagongana rafuni, na sisi tunanyamaza tunatazamana mpaka imalize mabehewa yake. Sijui kwa nini tunafanya hivyo. Naupenda sana ukimya ule.

Vyombo nilivipanga kwa kanuni yako ya kupanga herufi za kuchapa. Kichwa juu, saini chini, mbavu mbili pembeni, na katikati papewe kinachobaki. Kitanda nikakisogeza ukutani, sanduku langu upande huu, baiskeli upande ule, na katikati pakabaki pa mkeka. Ikaja meza aliyoagiza kwa fundi, nayo kubwa kuliko alivyoniambia. Ali akashika kiuno, akasema itabidi tuikate miguu. Nikamwambia shika kule. Kitanda kikasogea shubiri moja, sanduku likaingia uvunguni, mkeka ukakunjwa nusu, meza ikakaa kama iliyozaliwa humo. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, kwa mume wangu. Akanuna kwa mzaha mpaka chai ilipoiva.

Nimekumbuka siku uliyonipeleka kwa Bwana Nurali. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa tu nyumbani Ipuli namsaidia Bibi kuchambua mboga, na macho yako yalikuwa yameanza kukataa herufi ndogo. Bwana Nurali alikuwa mbele ya duka anahesabu madaftari, akanitazama, akatazama mlango wa nyuma kule kwenye mashine ya chapa, akasema, "Mzee Mrisho, msichana na herufi za risasi? Atachafuka." Ukamjibu, "Herufi haiulizi kanzu wala kanga, Bwana Nurali. Inauliza macho." Akacheka, akanipa aproni ambayo ingetosha watu wawili.

Somo la kwanza halikuwa herufi hata moja. Mimi nilidhani mahali peupe kwenye karatasi ni mahali pasipo na kitu. Ukanifungulia droo, ukanionyesha kwamba peupe napo ni risasi. Vipande vifupi vifupi, vyembamba na vinene, vimefupishwa makusudi ili wino usivifikie. "Hivi havisomwi na mtu," ukasema, "lakini bila hivi herufi zote zingelala chini kama walevi." Kisha ukanionyesha fremu ya chuma, mbao za kujazia zinazozunguka maneno, na kabari za ukingoni. Ukatia ufunguo, ukakaza kabari moja, ukakaza ya pili, ukainua fremu nzima mikononi kama sinia ya wali. Haikudondoka hata nukta. Nilikaa nimeachama mdomo. Ukaniambia niufunge kabla risasi haijaingia.

Halafu ndiyo akaja Ali na karatasi yake aliyoichora kwa penseli, fomu ya kuandikisha kaya za vijiji vya ujamaa anavyovisimamia. Ukanipa mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu, na niliipanga kwa kiburi cha mtu mwenye cheti. Kila kisanduku nikakipima, nikakikata, nikakikaza mahali pake. Kisanduku cha jina la mkuu wa kaya nilikipima kwa jina lako, Mrisho Kapela, kwa sababu ndiye mkuu wa kaya niliyemjua. Ilipendeza kama kitambaa cha meza. Wiki iliyofuata Ali akarudi, anakuna kisogo, anasema wamesahau mbuzi. Kisanduku cha mbuzi tu. Nikasogeza kimoja, cha pili kikalegea, cha tatu kikapinda, na kufikia saa sita mchana fomu nzima ilikuwa imelala mezani kama nyumba ya udongo iliyonyeshewa. Nikalia kidogo. Ulijifanya hukuona. Ukasubiri nimalize, ndipo ukavuta kigoda.

"Tatizo lako, mke wangu, umeiambia kila herufi: kaa hapa. Herufi haiambiwi hivyo. Iambie: kaa karibu na mwenzako. Akija mgeni, watasogeleana wenyewe."

Ukanisimulia habari za babu yako mpagazi, aliyekuwa anabeba mizigo kutoka hapa Tabora mpaka pwani. Ukasema wale watu hawakupanga kambi zao kwa maili, walizipanga kwa maji. Kisima kikikauka, kambi inasogea mbele au nyuma, na safari inabaki ile ile. Ndipo tukaibomoa fomu yote, mimi na wewe, tukaipanga upya safu kwa safu, kila safu ikimtegemea jirani yake. Na kwa jina la kijiji pale juu, lililokuwa linabadilika kila mara, leo Kigwa, kesho kijiji kingine, ukanipa kanuni ambayo baadaye ndiyo imenipa mume. Sikuujua uzito wake siku ile. Ulisema, "Neno unalolijua, lipe nafasi yake kwa kipande kimoja kirefu. Neno usilolijua bado, jaza vidogo vidogo pande zote mbili, na kabari usikaze mpaka mwenyewe aje."

Ali akarudi tena, safari hii wamesahau mizinga ya nyuki. Nilitia kisanduku, safu zikasogeleana, nikamaliza kabla chai ya Bwana Nurali haijapoa. Ali akashukuru, akachukua baiskeli yake, akaenda. Babu, nilijuta kujua kazi. Nilitamani ile fomu yangu ya kwanza, ile mbovu, ambayo ingemkalisha pale benchi siku nzima.

Lakini mwenyewe alikuwa na akili zake. Akarudi kwa ajili ya majembe. Akarudi kwa ajili ya vyoo. Akarudi kwa ajili ya kuku. Kuku, Babu. Nani anaandikisha kuku? Ukaninong'oneza, "Fomu ya huyu kijana haitaisha mpaka waandikishwe panzi," na mimi nikajificha nyuma ya kabati la herufi uso unawaka. Mara ya mwisho alitaka kisanduku cha jina la mke wa mkuu wa kaya. Akasimama, kofia mkononi, akakuuliza wewe huku ananitazama mimi, "Na mkuu wa kaya asiye na mke, Mzee, aandike nini?" Hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Aache nafasi. Ila asiikaze." Nikadondosha sanduku zima la herufi ndogo, tukaziokota watatu mpaka adhuhuri.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inaniwia nzito. Nitapapita haraka.

Ziliingia barua mbili za posa wiki moja. Ya Ali ililetwa na mjomba wake kutoka Ziba, amevaa koti la sufu kwenye jua kali. Ya pili ilikuwa ya Nassoro Abdulrahmani, karani wa mjini, kijana mpole, nyumba ya bati, na aliyeileta ni rafiki wa Baba mkubwa. Kwa kuwa baba yangu alikufa mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni, jibu lilikuwa lako. Ukazitia zote mbili kwenye mfuko wa koti, ukasema utajibu kwa kadi, si kwa mdomo. Kisha ikaja homa. Siku nne tu. Siku ya mwisho ulimwambia Baba mkubwa, "Kadi ya Mwanaidi iko tayari, iko mezani kwa Nurali." Ukaomba maji. Ukanywa nusu.

Nusu ile iliyobaki Bibi hakuimwaga mpaka siku ya tatu.

Basi. Nimepita.

Ilipotimia arobaini yako, Baba mkubwa akatuita sebuleni. Unamjua mwanao, hana ubaya, ila ana haraka. Akasema, marehemu amesema kadi iko tayari, na kadi haiwezi kuwa tayari bila jina la bwana harusi, kwa hiyo baba ameshachagua, na kwa maoni yake amechagua Nassoro, mtu wa hapa hapa, kwa sababu hakuna mzee mwenye akili atakayempa mjukuu wake mtu wa ng'ombe wa Ziba anayehamishwa kila msimu. "Tukasome," akasema. "Atakayekutwa kwenye kadi ndiye mume. Sitaki maneno baada ya hapo." Bibi akaafiki. Mimi sikuulizwa, na nilishukuru kutoulizwa.

Tulikwenda watatu. Bwana Nurali alikuwa ameifunika fremu yako kwa gazeti na kuweka jiwe juu, na alimkataza kila mtu asiisogeze. Akaondoa gazeti kwa mikono miwili, polepole, kama anafunua chakula cha mgeni.

Babu, maandishi ya risasi yanasomwa kinyume, na pale mezani hakuna aliyeweza kuyasoma ila mimi. Baba mkubwa aliinama, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akasema, "Hiki ni Kiarabu?" Nikasoma kwa sauti. Familia ya Mzee Mrisho Kapela wa Ipuli, Tabora, ina furaha kukualika kwenye harusi ya mjukuu wao mpendwa Mwanaidi na. Nikaishia hapo. Baba mkubwa akasema, "Na nani?" Nikasema, "Na nafasi."

Ilikuwa tupu. Nafasi ndefu, peupe pa risasi, halafu chini yake maneno ya karibuni wote.

Baba mkubwa akaipima kwa vidole. Akasema, "Ndefu hii. Hii ni ya Nassoro Abdulrahmani. Ali Masanja ataelea humo kama punje ya mtama kwenye gunia." Bibi akanitazama. Na mimi hapo, Babu, shetani aliniingia mpaka kooni. Ningeweza kusema neno moja tu. Ningeweza kusema vipande vya pembeni ni vya ukingo wa kadi, si vya jina, na jina linaloingia katikati ni fupi, ni la Ali. Nani angejua? Bwana Nurali anauza madaftari. Wengine hata herufi hawazioni. Nilikuwa peke yangu duniani ninayeweza kukusoma, na mtu ninayempenda alikuwa Kigwa ananisubiri, na kama nisingesema hivyo ningeolewa na mtu mwingine. Nakuungamia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikainama kwanza nitazame vizuri uongo wangu utakaa wapi. Ndipo nikaona.

Hapakuwa na kipande kimoja kirefu. Kulikuwa na vidogo vidogo, vyembamba na vinene, vimejazwa pande zote mbili sawasawa. Nikagusa kabari. Zilikuwa zimelegea. Wewe, ambaye hukupata kuacha fremu mezani bila kuikaza hata ukienda kuswali, uliziacha zimelegea.

Nilisimama pale nikitabasamu kama mwendawazimu na machozi yakinitoka. Bibi akadhani nimeugua. Hukumchagua Nassoro, Babu, na Ali pia hukumchagua. Nilikuwa nimekusanya nguvu zangu zote kukusingizia, nawe ulikuwa umeshaniamini.

Kwa hiyo nikasema kweli yote. Nikamwomba Baba mkubwa anipe ruhusa nimwonyeshe. Nikapanga jina la Nassoro Abdulrahmani, nikatoa vidogo kadhaa huku na huku, nikalitia. Likaingia, likakaa katikati, zuri. Baba mkubwa akapiga kofi mezani, "Si nilisema?" Nikalitoa. Nikapanga Ali Masanja, nikarudisha vidogo nilivyotoa na kuongeza vingine, nikalitia. Likaingia, likakaa katikati, zuri. Nikamweleza kanuni yako ya neno unalolijua na neno usilolijua, kama ulivyonieleza siku ya mbuzi.

Baba mkubwa akaigusa fremu kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sasa baba kasema nini hapa?"

Bibi akajibu, "Kasema aulizwe mwenye kadi. Mume wangu yule, hata kufa amekufa ananipa kazi."

Bwana Nurali akageukia rafu, akaanza kupanga madaftari ambayo yalikuwa yamepangika.

Ndipo Baba mkubwa akaniuliza. Unajua desturi yetu, msichana akiulizwa habari ya mume anainamisha kichwa, ananyamaza, na wakubwa wanasema amekubali. Lakini kunyamaza pale kungemjibu nani? Na kusema, Babu, kusema mbele ya baba yangu mkubwa kwamba nampenda fulani, ulimi ulikataa kabisa. Mimi niliyeimba taarabu shuleni mbele ya wageni wa mkoa. Nikatazama mikono yangu. Jina la Ali lilikuwa bado ndani ya fremu, ndilo nililolitia mwisho. Ufunguo ulikuwa mahali pake, kwenye msumari, umefungwa kwa uzi wako mwekundu.

Nikauchukua. Nikakaza kabari ya kwanza. Nikakaza ya pili. Nikainua fremu yote kwa mikono miwili, nikamshikia Baba mkubwa mbele ya kifua chake.

Haikudondoka hata nukta.

Akaitazama fremu, akanitazama mimi. Akasema, "Nzito hii?" Nikasema nzito. Akaipokea akanishikia. Akasema, "Haya. Ziba ni mbali, lakini ng'ombe wao wanene." Bibi alipiga kigelegele mle mle dukani, wateja wakakimbilia ndani wakidhani kuna nyoka.

Nilichapa kadi mwenyewe, mguu wangu kwenye pedali. Nikuambie aibu moja. Kwenye nakala ya kumi hivi kipande kimoja cha nafasi, kati ya jina langu na la Ali, kilipanda juu na mtikisiko wa mashine, kikashika wino. Kikaacha alama nyeusi, mraba mdogo, mahali ambapo pangetakiwa kuwa peupe. Ungekuwapo ungenifanya nisimamishe mashine, nifungue kabari, nikikandamize, nianze upya, na ungenung'unika mpaka alasiri. Nilisimamisha mashine. Nikakitazama. Kwenye kadi yote kilikuwa ndicho kipande pekee kilichokataa kufichwa. Nikakiacha. Watu waliniuliza kile ni nini, kama ni urembo wa kisasa wa Dar. Nikawaambia, yule ni babu yangu, amekuja kuona kama mmevaa vizuri.

Harusi ilikuwa njema. Wakwe zangu walifika kutoka Ziba na ngoma mbili na ndama mmoja aliyekula maua ya Bwana Nurali. Nassoro naye alikuja, akala pilau sahani mbili, akanipa mkono kwa moyo mweupe. Nasikia mwenyewe sasa anatafuta mahali pa kuchapisha kadi. Baba mkubwa alisimama kutoa nasaha, akaishia kumweleza mjomba wa Ali habari za kabari na vipande vya nafasi kwa muda mrefu, kana kwamba amezaliwa mle kiwandani, na alizikosea zote. Mke mwenzangu, yaani Bibi, alinivika kanga yake ile ya zambarau uliyomnunulia. Alisema wewe ungetaka iende kwa mke mdogo. Anakula vizuri, usiwe na hofu. Ila bado analalia upande wake wa kitanda, hasogei katikati.

Bwana Nurali ameniomba niwe naingia siku mbili kila wiki, kwa treni, mpaka apate mpanga herufi mwingine. Ali amesema niende. Alisema, "Mimi mwenyewe nitakuwa naleta fomu." Nimemwambia akileta kisanduku cha panzi namfukuza.

Kuna siku nikiwa pale mezani naunyoosha mkono wangu kuomba kipande, bila kutazama, kama nilivyozoea, kiganja wazi upande wako. Nakaa hivyo kidogo. Halafu naenda kukichukua mwenyewe. Hilo ndilo moja ambalo sijalizoea, nami sitaki kukudanganya.

Sasa habari ya kibuyu. Ali alikitafuta mwenyewe, amekwenda mpaka kwa warina asali wa porini, akaumwa jicho likafumba siku mbili, akarudi kachangamka kama kapewa cheo. Asali ya nyuki wadogo, safi, haina masega wala maji. Hakuna aliyeionja. Alisema deni la mzee haliliwi njiani. Nusu tutampa Bibi, kwa kuwa amebaki kuwa mlinzi wa mali zako, na nusu tutawapa watoto wa madrasa waje kukusomea, wawe na sauti tamu. Nadhani umelipwa, na mkongojo unaweza kuuweka chini.

Tutakuja kabla mwezi huu haujaisha, Jumamosi, kwa treni ya asubuhi. Nitakuletea kadi moja, yenye alama yako, uione mwenyewe. Nitang'oa magugu, nami naahidi nitakusimulia machache, yaliyobaki nitayaacha ya safari nyingine. Ali ana wasiwasi. Jana aliniuliza akifika pale kwako asimame wapi, upande wa kichwa au wa miguuni, maana hataki kukosea mbele yako.

Nimemwambia asitafute mahali. Asimame karibu na mimi tu.

Mke wako mdogo,
Mwanaidi